Kabla ya Kupanda Ndege Iliyoundwa Nyumbani: Ulizia Kipima Mwendo

Wapo mafundi wabunifu wanaojiundia ndege ndogo kwa mikono yao. Iwapo wewe, mkazi wa Songea, utaombwa kuichangia, kuinunua au kuipanda ndege ya aina hiyo, tunakukumbusha kwanza kuwa hairuhusiwi kurushwa kabla ya kusajiliwa na kuidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Alama za ndege zilizosajiliwa nchini huanza na 5H. Pili, kipo kifaa kidogo unachoweza kukikagua kwa macho yako mwenyewe: kipima mwendo.

Kinafanya kazi gani?

Gari likipunguza mwendo hubaki barabarani. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi, mabawa hushindwa kuibeba. Rubani huujua mwendo huo kwa mrija wa pito, uliopewa jina la mhandisi Mfaransa Henri Pitot, aliyeubuni mwaka 1732 ili kupima mkondo wa mto. Mdomo wa mrija hupokea upepo unaoikabili ndege, na tundu jingine hupokea hewa tulivu. Tofauti ya migandamizo hiyo miwili ndiyo inayosogeza mshale wa kipimo.

Kifungwe wapi?

Mrija ukifungwa nyuma ya pangaboi, utapima upepo wa pangaboi badala ya mwendo wa ndege. Mahali panapofaa ni kwenye bawa, nje ya eneo linalopulizwa na pangaboi. Mdomo uelekee mbele sawasawa na uwe mbali na uso wa bawa, kwa kuwa hewa iliyo karibu na bawa huwa imekwisha kubadili kasi na mwelekeo. Mrija usitikisike. Tundu la hewa tulivu nalo lisiishie ndani ya chumba cha rubani, maana mgandamizo wa humo hutofautiana na wa nje.

Utajuaje kuwa kinasema kweli?

Mwombe fundi akuoneshe jaribio la maji. Mpira mwembamba unaoonesha ndani hupindwa mithili ya herufi U, hutiwa maji, kisha huunganishwa na mrija pamoja na kipimo. Hewa husukumwa taratibu hadi maji ya upande mmoja yazidi ya upande wa pili kwa milimita 48. Hapo mshale unapaswa kuonesha takriban kilomita 100 kwa saa. Njia ya hewa ikizibwa, mshale ubaki palepale; ukishuka, kuna mahali panapovuja. Pampu ya matairi isitumike, kwani itaharibu kipimo.

Hali ya Songea

Kiwanja cha ndege cha Songea kiko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Mshale ukionesha 100, mwendo halisi hewani ni takriban 105 au zaidi. Mshale haujakosea, kwa sababu mabawa nayo yanabebwa na hewa hiyo hiyo nyepesi. Rubani aufuate, lakini atambue kuwa atatua kwa kasi kubwa zaidi na atahitaji njia ndefu zaidi ya kusimamia.

Jihadhari na nyigu

Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda matundu membamba. Tarehe 6 Februari 1996, ndege aina ya Boeing 757 iliyoondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ilianguka baharini na watu wote 189 waliokuwamo wakafariki. Wachunguzi walihitimisha kuwa mrija mmoja wa pito ulikuwa umeziba, na nyigu ndio walioshukiwa zaidi. Ndege hiyo ilikuwa imeegeshwa kwa siku kadhaa bila mirija kufunikwa.

Tunakushauri

• Omba kuona cheti cha usajili na idhini ya kuruka.
• Hakikisha mrija hufunikwa ndege inapoegeshwa, na kifuniko kina kitambaa chekundu ili kisisahaulike.
• Uliza jaribio la maji lilifanyika lini mara ya mwisho.

Ukikosa jibu la kuridhisha kwa lolote kati ya haya, usipande na usilipe.