Mechi Mbili za Kufa na Kupona: Mchujo wa Ligi Kuu na Mabishano ya Mashabiki wa Mbeya

Mashabiki wa kandanda wa Mbeya hubishana mwaka mzima, lakini mabishano yao hubadilika sura msimu unapoelekea ukingoni, pale msimamo wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara unapoanza kuonyesha ni timu zipi zitalazimika kupitia mechi za mchujo. Tangu msimu wa 2021/22 ligi hiyo imekuwa na timu 16, kila moja ikicheza mechi 30. Mbili za mwisho hushuka daraja moja kwa moja, na zile zilizoshika nafasi ya 13 na ya 14 hukutana mara mbili, nyumbani na ugenini, ili mshindi abaki na aliyeshindwa apewe nafasi moja zaidi ya kujiokoa dhidi ya timu inayotoka Ligi ya Championship, yaani daraja lililo chini yake. Timu hiyo ya Championship nayo huwa imefika hapo kwa mchujo wake yenyewe, kati ya aliyeshika nafasi ya tatu na aliyeshika ya nne. Kwa hiyo timu inaweza kucheza miezi tisa au kumi, ikaambulia nafasi ya 14, kisha hatima yake ikaamuliwa na dakika 360 tu.

Mkoa wa Mbeya umeyajua mambo haya kuliko mikoa mingi. Mwaka 2020 Mbeya City ilinusurika kwa kuishinda Geita Gold katika mchujo, na mwaka huohuo Ihefu ya Mbarali ikapanda kwa kuishusha Mbao ya Mwanza. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Tanzania Prisons, iliyobaki kwa kuishinda JKT Tanzania. Mwaka 2023 Mbeya City iliangukia tena katika mchujo, na safari hii Mashujaa ya Kigoma ikachukua nafasi yake. Mwaka 2025 Prisons ikajiokoa mbele ya Fountain Gate, wakati Mbeya City, ikitokea Championship, ilikwisha kujihakikishia kurudi Ligi Kuu bila kuhitaji mchujo. Ni nadra kupata mkoa mwingine ambao watu wake wamekaa roho juu mara nyingi kiasi hicho ndani ya miaka sita.

Uyole ni mahali panapofaa kuyatazama mabishano haya, kwa sababu za kijiografia zaidi ya za kimichezo. Eneo hilo la mashariki mwa Jiji la Mbeya ndipo barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapoachana na barabara inayoelekea Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi, kwa hiyo katika vijiwe vyake vya kahawa, vibanda vya vinyozi na maegesho ya bodaboda hukutana shabiki wa mjini, mfanyabiashara wa viazi kutoka Rungwe, dereva wa lori aliyelala Makambako na kijana wa Mbarali aliyekuja kutafuta vipuri. Kila mmoja huja na historia yake. Mtu wa Tukuyu, hasa akiwa na umri wa kutosha, hataacha kukumbusha kwamba Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, huku wa Prisons akiutaja ubingwa wa mwaka 1999. Mtu wa City hana kombe la kutaja, lakini ana msimu wa 2013/14, ambao kwake unatosha.

Msimu huo unahitaji kuelezwa, kwa sababu ndio uliozaa nusu ya hoja zinazosikika hadi leo. Mbeya City ilianzishwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, na miaka miwili baadaye ilikuwa Ligi Kuu ikifundishwa na Juma Mwambusi. Katika msimu wake wa kwanza kabisa ilimaliza katika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga lakini mbele ya Simba, na Azam yenyewe ililazimika kuja Uwanja wa Sokoine mwezi Aprili 2014 na kushinda 2–1 ndipo ikajihakikishia ubingwa wake wa kwanza. Mashabiki waliovaa zambarau waliifuata timu hiyo mikoani kwa mabasi, jambo ambalo kwa timu isiyo Simba wala Yanga lilikuwa geni. Tangu hapo shabiki wa City hupima kila msimu kwa kipimo cha ule wa kwanza, na hapo ndipo anapokosea, kwa maana hakuna halmashauri inayoweza kuahidi muujiza wa namna hiyo kila mwaka kutoka katika bajeti inayogombewa pia na madampo na mitaro.

Prisons ni timu ya namna nyingine. Iko chini ya Jeshi la Magereza, na watetezi wake husema kwamba timu ya jeshi haiyumbishwi na madiwani, haikosi kambi, na wachezaji wake wanajua maana ya amri. Wapinzani wao hujibu kwamba nidhamu hiyohiyo ndiyo inayowafanya wacheze mpira wa kujihami, mpira wa kutafuta sare, ambao humfikisha mtu katika nafasi ya 13 bila yeye mwenyewe kujua amefikaje. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba mabishano kati ya Wajelajela na Wagonga Nyundo, kama Prisons na City zinavyoitwa kwa utani, huwa ni mabishano kuhusu mali ya umma: nani aendeshe timu, kwa fedha ipi, na kwa faida ya nani. Wakati wa mechi za Simba na Yanga, ambazo karibu kila shabiki wa Mbeya huzishabikia sambamba na timu ya nyumbani, maswali hayo hayaulizwi. Hapo watu hutambiana kwa makombe, na mwenye makombe mengi hunyamazisha wenzake. Mchujo haumruhusu mtu kutambia kombe, na kwa sababu hiyo hulazimisha hoja.

Hoja ya kwanza huwa ya hesabu. Katika mchujo wa mechi mbili mabao hujumlishwa, na mwaka 2020 ilitumika pia kanuni ya bao la ugenini, inayosema kwamba jumla ikiwa sawa, timu iliyofunga mabao mengi zaidi ikiwa mgeni ndiyo inayopita. Ihefu iliishinda Mbao mabao 2–0 nyumbani, ikafungwa 4–2 Mwanza, jumla ikawa 4–4, na mabao yale mawili ya Mwanza yakaipandisha. Kanuni hii ilifutwa katika mashindano ya klabu za Ulaya mwaka 2021, kwa madai kwamba ilikuwa inamfanya mwenyeji aogope kushambulia, na mjadala wa kama ilikuwa ya haki haujaisha vijiweni. Shabiki wa Mbarali huiona kuwa zawadi kwa mgeni jasiri, na wa Mwanza, kama anapita Uyole akielekea Tunduma, huiona kuwa dhuluma.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi na ndiyo inayotofautisha Mbeya na Dar es Salaam, kwa kuwa inahusu hewa. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Mpira unaopigwa kwa nguvu hukutana na ukinzani mdogo, hivyo huenda mbali zaidi na kufika mapema zaidi. Lakini mpira uliopigwa kwa kuzungushwa, kama krosi au mpira wa adhabu unaotakiwa kuuzunguka ukuta, hupinda kidogo kuliko ambavyo ungepinda Dar es Salaam, kwa sababu kupinda huko hutokana na mpira unaozunguka kuisukuma hewa upande mmoja na kusukumwa nayo upande wa pili. Hewa ikipungua, msukumo hupungua. Ndiyo maana mashabiki wa Mbeya hudai kwamba kipa aliyelelewa pwani hufika Sokoine akachelewa kwa mipira mirefu, na kwamba mpigaji faulo wa mgeni huupeleka mpira juu ya mwamba wakati kwao angefunga. Mabishano kama hayo yalisikika ulimwenguni kote wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2010, pale mpira uliopewa jina la Jabulani ulipolaumiwa na makipa, na baadhi ya viwanja vya mashindano hayo, kikiwamo cha Johannesburg, vilikuwa katika mwinuko unaokaribiana na wa Mbeya.

Walioichambua hoja hii kwa undani zaidi, hata hivyo, si watu wa kandanda, ni mashabiki wa besiboli wa Marekani. Besiboli ni mchezo ambao mtupaji, akiwa umbali wa mita 18.44, humrushia mpinzani wake mpira mdogo mgumu, naye mpinzani hujaribu kuupiga kwa gongo. Tanzania mchezo huo umeingia zaidi kupitia shule, kwa msaada wa Wajapani, na una uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania jijini Dar es Salaam. Silaha ya mtupaji ni mzunguko anaoupa mpira kwa vidole, unaoufanya upinde au uzame kabla ya kumfikia mpigaji. Sasa mji wa Denver uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Mbeya, na timu yake, Colorado Rockies, imekuwa ikiteseka kwa sababu ileile: mipira ya watupaji haipindi inavyotakiwa, na ile inayopigwa huruka mbali mno. Tangu mwaka 2002 timu hiyo huhifadhi mipira yake katika chumba chenye unyevu uliodhibitiwa, ili isikauke na kuruka kupita kiasi. Hakuna anayependekeza chumba cha aina hiyo Sokoine, lakini anayebisha Uyole kwamba hewa haina uhusiano na matokeo anabishana na jambo lililokwisha kupimwa.

Katika besiboli mchujo huchezwa kileleni. Baada ya mechi 162 za kawaida, timu bora hukutana mwezi Oktoba, na fainali huchukuliwa na wa kwanza kushinda mechi nne kati ya saba, wakati timu ya mwisho haishuki popote, hurudi mwakani kama kawaida. Ubishi mkubwa wa mashabiki huko ni lini mtupaji aliyechoka atolewe, kwa kuwa mtupaji anayeanza mechi kwa desturi hupumzishwa siku nne au zaidi. Mwaka 2025, Yoshinobu Yamamoto wa Los Angeles Dodgers alianza mechi ya sita ya fainali dhidi ya Toronto Blue Jays na kurusha mipira 96, kisha kesho yake akaingizwa tena katika mechi ya saba na kuimalizia, Dodgers wakishinda 5–4. Kama angeshindwa, kocha wake angelaumiwa kwa miaka mingi. Kwa mashabiki wa Mbeya mtu wa namna hiyo ni kipa, mchezaji pekee ambaye kosa lake moja katika mchujo hukumbukwa kuliko kazi yake ya mechi 30, na swali la kumwacha aliyezoeleka au kumpa nafasi aliye katika hali nzuri huzua kelele kuliko la mshambuliaji yeyote.

Iringa, upande wa pili wa Nyanda za Juu Kusini, mjadala umepoa, na sababu ni rahisi: Lipuli, iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2019 na kufungwa 1–0 na Azam huko Lindi, ilishuka moja kwa moja mwaka uliofuata, bila hata kupewa mechi mbili za kubishania. Shabiki wa Iringa anayesimama Uyole husikiliza zaidi ya kusema.

Lakini lipo jambo ambalo mchujo hauwezi kuliamua, nalo ndilo linalowaumiza watu wa Mbarali hadi sasa. Ihefu, iliyopanda kwa bao la ugenini mwaka 2020, ikashuka na kupanda tena, na tarehe 29 Novemba 2022 ikaifunga Yanga 2–1 katika Uwanja wa Highland Estates, ikakatisha mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga haikuwa imepoteza. Baada ya hapo timu hiyo haikushushwa tena na mpinzani yeyote uwanjani. Katika msimu wa 2023/24 ilihamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars, ikabaki Ligi Kuu bila Mbarali. Mashabiki wa Brooklyn, mtaa wa New York, waliyapitia hayohayo baada ya msimu wa 1957, pale Dodgers wao walipohamishiwa Los Angeles, upande wa pili wa bara, ambako wapo hadi leo. Uyole bado wapo wanaoitaja Ihefu wakati wa kuhesabu timu za Mbeya, na huwa kuna mtu wa kuwakatiza kwamba ile si yenu tena. Ubishi unaofuata huwa mrefu, kwa sababu hakuna kanuni ya ligi inayosema timu ni ya nani baada ya mwenye leseni kuamua kuondoka nayo.