Kuta za Makwacha na macho ya mgeni (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tulieleza jinsi akina mama wa Makwacha, kijiji kilichoko yapata kilomita 40 kutoka Lubumbashi, wanavyopamba nyumba zao kila kiangazi. Leo tuwageukie wanaokwenda kuzitazama.

Mvua za Katanga hukatika mwezi wa nne. Ukuta ulioliwa na maji huzibwa nyufa, ukasawazishwa kwa kiganja na kuachwa ukauke. Ndipo huja udongo mweupe, mwekundu na wa manjano. Weusi hutoka kwenye makaa. Mvua zikirudi mwishoni mwa mwaka, michoro huanza kuchuruzika. Hasara? Hata kidogo. Kwa kuwa kazi huanza upya kila mwaka, mabinti huishika wakiwa pembeni ya mama zao.

Mgeni wa mjini hayo hayamhusu. Anataka picha ing'ae hata mwezi wa pili. Akikuta ukuta umefifia, anashauri rangi ya duka. Ushauri huo Wandebele wa Afrika Kusini waliupata zamani. Kwao pia wapakaji ni wanawake. Rangi za kiwandani ziliingia, watalii wakamiminika, na Esther Mahlangu, aliyefundishwa na mama na bibi yake, akaalikwa Paris mwaka 1989, kisha mwaka 1991 akapaka gari la BMW. Sifa ilienea duniani kote, lakini leo anayetaka kuona nyumba hizo mara nyingi huelekezwa kwenye kijiji cha maonyesho.

Kuna pia suala la pesa. Kwa desturi, mgeni huanza kwa chifu, na mkono mtupu haulambwi. Sawa. Ila ukuta una mwenyewe, na bei ya picha ingefaa itajwe mlangoni pake, mbele yake, si kwa wanaume waliokaa kivulini.

Tena mama mwenye ukuta akipata faranga atanunua bati na matofali ya kuchoma, kama ambavyo ningefanya mimi. Mgeni atanung'unika kwamba kijiji kimeharibika, halafu jioni atarudi mjini kulala chini ya bati lake.

Juma lijalo tutapanda Kundelungu, hifadhi iliyoundwa mwaka 1970, hadi maporomoko ya Lofoi, tuone nani anafaidika na njia ya kufika huko.