Je, Wajua? Motown iliuzwa, tungo zikabaki

Berry Gordy alianzisha lebo ya muziki ya Motown mjini Detroit, Marekani, mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa familia yake. Mwaka 1988 aliiuza lebo hiyo kwa dola milioni 61. Wapo wanaodai alipunjwa, kwani mwaka 1993 kampuni ya muziki ya PolyGram iliinunua kwa takriban dola milioni 300. Hoja ina uzito, ila inasahau kwamba Gordy aliuza jina na rekodi. Hakimiliki za utunzi, chini ya kampuni yake ya Jobete, hakuziachia wakati huo. Na utunzi huingiza fedha hata wimbo unaporekodiwa upya na msanii wa lebo nyingine. Mwaka 1997 kampuni ya muziki ya EMI ilinunua nusu tu ya Jobete kwa dola milioni 132, zaidi ya mara mbili ya bei aliyouzia lebo nzima.