Kuanza Utafiti wa Historia ya Ukoo: Mfano wa Mutuini, Dagoretti

Katika madarasa ya fasihi simulizi, mapisi ndiyo yanayopewa muda mchache zaidi. Ngano huchambuliwa, visasili hulinganishwa, mighani ya Fumo Liyongo na Luanda Magere hurudiwa mwaka baada ya mwaka, kisha muhula unakwisha. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi aweza kueleza kwa ufasaha jinsi Liyongo alivyochomwa kitovuni ilhali hawezi kumtaja mama mzazi wa babu yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha namna ya kuanza utafiti wa historia ya ukoo na urithi wa mahali, kwa kutumia mfano wa Mutuini, magharibi mwa jiji la Nairobi. Mutuini imeteuliwa kwa sababu nyaraka zake zipo, ingawa zimetawanyika. Imeteuliwa pia kwa kuwa ni mahali ambapo swali kuhusu babu ni swali kuhusu ardhi, na mtafiti asiyelijua hilo atafungiwa lango kabla hajatoa kalamu.

Tuanze na mipaka. Leo Mutuini ni wadi katika eneobunge la Dagoretti Kusini, Kaunti ya Nairobi. Hata hivyo, hadi wakati wa uhuru, mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka wa 1963, Dagoretti yote ilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Kiambu. Mtafiti anayefika katika jengo la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, akaomba majalada ya Nairobi ili asome habari za Mutuini ya miaka ya 1930, atarudi nyumbani mikono mitupu. Majalada anayoyataka yako chini ya Kiambu, nayo hutambulishwa kwa herufi KBU. Jambo hili dogo limewakatisha tamaa wengi. Aidha, majina ya Kikuyu katika majalada hayo yaliandikwa na makarani walioyasikia kwa masikio ya kigeni. Jina moja laweza kupatikana kwa tahajia tatu katika ukurasa mmoja.

Jina Mutuini lenyewe ni zoezi zuri kwa mwanaisimu. Kiambishi -ini katika Kikuyu ni ndugu wa -ni ya mahali katika Kiswahili, kama katika shambani na nyumbani. Shina lililobaki linafanana na neno la Kikuyu lenye maana ya unga, kwa hiyo mtu hushawishika kusema kwamba Mutuini ni 'pahali penye unga', akaendelea na safari. Nashauri asifanye hivyo. Kikuyu kina irabu saba, na ramani na vibao vya barabarani haviandiki alama zinazozitofautisha. Maana ya jina la mahali haithibitishwi kwa kamusi pekee. Sharti jina lisikike likitamkwa na wenyeji, na kisa chake kikusanywe kwa wazee zaidi ya mmoja, hata kama visa vitapingana.

Baada ya hapo, utafiti uanzie nyumbani, na chombo cha kwanza ni majina. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huitwa kwa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili kwa jina la nyanya mzaa mama. Wanaofuata hupewa majina ya ndugu za wazazi kwa zamu. Kwa hivyo orodha ya watoto wa nyumba moja, ikiwa imepangwa kwa kufuata kuzaliwa, ni ukoo uliofumbwa. Tuseme mzee aliitwa Njoroge, na watoto wake kwa mfuatano walikuwa Kamau, Wanjiku, Mbugua na Nyambura. Hata kama hakuna aliyewahi kuandika lolote, tunaweza kukisia kwamba baba yake Njoroge alikuwa Kamau na mama yake Wanjiku, na kwamba wazazi wa mkewe walikuwa Mbugua na Nyambura. Wanawake wawili ambao hawamo katika hati yoyote ya ardhi wala kodi wamepatikana kwa kuhesabu watoto.

Njia hii ina mitego yake. Katika boma la mitara, kila mke alianza hesabu upya, kwa hiyo baba mmoja aliweza kuwa na akina Kamau watatu walio hai kwa wakati mmoja, na karani wa serikali akawaandika kama mtu mmoja. Mtoto aliyefariki akiwa mchanga huacha pengo linalovuruga mfuatano. Kwa sababu hiyo, swali la 'mlizaliwa wangapi?' halitoshi. Inafaa kuuliza kwa upole ikiwa wako ambao hawakukua.

Kuhusu tarehe, mtafiti asitegemee kitambulisho. Wazee wengi waliozaliwa kabla ya uhuru hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa ni makadirio ya afisa. Bora kuuliza riika, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja, kwa maana kila kundi lilipewa jina kutokana na tukio la wakati wake. Njaa nazo zilipewa majina: iko Ng'aragu ya Ruraya, njaa kuu ya miaka ya 1898 hadi 1900, na iko ile ya mihogo ya mwaka wa 1943. Mama anayesema kwamba alikuwa ananyonya wakati wa njaa ya mihogo ametoa tarehe ya kuaminika kuliko iliyo kwenye kadi yake. Ikumbukwe tu kwamba riika huonyesha mwaka wa tohara, si wa kuzaliwa, na kwamba majina ya Kiambu hayalingani kila mara na ya Murang'a na Nyeri.

Lugha nayo yaweza kumpotosha mkusanyaji. Wanafunzi wa Kiswahili hupenda kuhoji kwa Kiswahili, au kuhoji kwa lugha ya mama na kutafsiri papo hapo. Katika Kikuyu, neno mama humaanisha mjomba, na mama mzazi ni maitu. Mtafiti aliyeandika 'mama alitupa shamba' ameandika kwamba ardhi ilitoka kwa mzazi wa kike, ilhali msimulizi alisema kwamba ilitoka kwa ndugu wa kiume wa mama yake. Hilo si kosa la mtindo. Ni kosa linaloweza kufika mahakamani. Maneno ya ujamaa yaandikwe kama yalivyotamkwa, kisha tafsiri ije baadaye.

Kwa familia nyingi za Dagoretti, karatasi ya zamani zaidi ni kadi ya ubatizo. Wamisheni wa Kiskoti walihamia eneo hili kutoka Kibwezi mwaka wa 1898, na Thogoto ikawa kitovu chao. Lakini kabla ya kwenda kuulizia rejista za Thogoto, ni lazima kujua ukoo husika ulisimama upande gani mwaka wa 1929. Mwaka huo kanisa liliwataka waumini waahidi kuukana ukeketaji, na alama ya kidole gumba iliyotiwa kwenye ahadi hiyo, kirore, ikawa jina la waliokubali. Waliokataa waliondoka kwa wingi, wakaanzisha shule na makanisa yao. Katika Kiambu ya kusini walipata nguvu Karing'a, ambao waliegemea Uothodoksi baada ya Askofu Daniel William Alexander kuja kutoka Afrika Kusini mwaka wa 1935 kuwafunza makasisi. Ndiyo sababu hadi leo Waothodoksi wana mizizi Waithaka na Riruta, majirani wa Mutuini. Yamkini ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja aliyebatizwa mwaka wa 1927 na mwingine mwaka wa 1937, wanahitaji kutafutwa katika makanisa mawili tofauti. Isitoshe, shule za Karing'a zilifungwa na serikali wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, kwa hivyo rejista ya wanafunzi huenda haipo popote. Hapo kumbukumbu ya mdomo ndiyo hati.

Sasa tufike kwenye ardhi, ambako utafiti huu hunoga na pia huvunjika. Kabla ya ukoloni, ardhi ya Kiambu ilishikiliwa na mbari, yaani kizazi cha mwanzilishi mmoja, katika eneo lililoitwa githaka. Mbari ilikuwa na mwangalizi, muramati. Pamoja na wenye githaka waliishi ahoi, wapangaji walioruhusiwa kulima bila kumiliki. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter iliteuliwa mwaka wa 1932, na mbari nyingi za Kiambu zilifika mbele yake kueleza asili zao, aliyenunua msitu, alinunua kwa nani na kwa mbuzi wangapi. Ushahidi huo ulichapishwa mwaka wa 1934 katika majuzuu matatu makubwa. Kwa maoni yangu, hayo ndiyo mapisi ya Kikuyu yaliyohifadhiwa kwa wingi kuliko yote, na ni ajabu kwamba wanafasihi hawayasomi. Wanahistoria huyapekua wakitafuta ukweli. Sisi tunaweza kuuliza mengine: nani alisimulia, mbele ya hadhira gani, na akitaka kupata nini? Orodha ya mababu iliyotolewa ili kudai ardhi hufupishwa panapofaa, na mtu aliyekaribishwa kama muhoi aweza kugeuzwa kuwa mwana.

Kisha ikaja miaka ya 1950. Kuanzia mwaka wa 1954 wakazi wa Kiambu walihamishiwa katika vijiji vyenye ulinzi, na mashamba yaliyotawanyika yakaunganishwa, yakapimwa na kusajiliwa. Hatimiliki za eneo hili bado zimebeba anwani ya sehemu ya usajili, Dagoretti/Mutuini, ikifuatwa na namba ya kipande. Wakati wa zoezi hilo maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini. Mbari ilipoandikwa, mara nyingi liliandikwa jina la mwanamume mmoja. Ahoi, wajane na mabinti hawakuonekana. Zaidi ya hayo, chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka wa 1963, mahakama haikuwa na uwezo wa kurekebisha usajili wa kwanza hata kama ulipatikana kwa ulaghai. Sheria hiyo ilidumu hadi ilipofutwa mwaka wa 2012. Kwa upande mwingine, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka wa 1981 inamtambua binti kuwa mrithi sawa na mvulana.

Mtu akiyaweka haya pamoja ataelewa kwa nini mzee wa Mutuini hunyamaza kijana anapoingia uani na daftari na kuuliza, 'Babu yako alikuwa na ndugu wangapi?' Kipande ambacho zamani kilikuwa cha migomba na viazi vikuu leo kina nyumba za kupanga za ghorofa kadhaa. Ndugu wa babu aliyesahauliwa ana wajukuu. Shangazi aliyeachwa nje ya hadithi ana watoto wenye mawakili. Kunyamaza kwa mzee, kwa hiyo, si kusahau, na mtafiti asikuandike kuwa ni kusahau.

Ushauri wangu ni kuanza na akina nyanya, tena si kwa maswali ya ukoo. Waulizwe walikozaliwa, walivyofika Mutuini, soko walilouzia, waliyeishi naye kibanda kimoja kijijini wakati wa Hali ya Hatari. Mwanamke aliyeolewa alitoka mbari nyingine, akaingia katika hii kama mgeni mwenye macho. Aliona nani aliishi wapi kabla ya upimaji. Mtafiti ajitambulishe kwa majina ya wazazi wake na pahali atokako, amwite msimulizi cucu au guka kama wajukuu wanavyofanya, na aseme wazi kabla ya kuwasha kinasa sauti atakayeyasikiliza mazungumzo. Akiombwa azime, azime.

Baadhi ya vyanzo haviko mbali. Vijitabu vya mazishi, ambavyo kila kabati la sebuleni Kiambu lina rundo lake, hueleza marehemu alikuwa mwana wa nani, ndugu wa nani, mume au mke wa nani. Tanzia za magazetini hufanya vivyo hivyo. Mpangilio wa majina humo, hasa majina ya wake, ni tamko la kisiasa la familia na linafaa kusomwa kama matini. Gazeti Rasmi la Serikali huchapisha matangazo ya mirathi. Hukumu za kesi za ardhi na urithi, ambazo sasa husomwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, zina nasaba ndefu zilizotolewa na mashahidi wa pande mbili zinazokinzana. Kwa vitabu, Godfrey Muriuki aliandika historia ya Wakikuyu hadi mwaka wa 1900, iliyochapishwa mwaka wa 1974, na juzuu tatu za Louis Leakey kuhusu Wakikuyu wa kusini, zilizotoka mwaka wa 1977 baada ya kifo chake, zinahusu hasa upande huu wa Kiambu.

Makaburi, kinyume na matarajio ya wengi, hayatasaidia sana. Kabla ya ukoloni, Wakikuyu waliwazika wachache tu, hasa wazee wenye mali na hadhi. Wengine walilazwa nyikani. Makaburi ya shambani yanayoonekana leo ni ya karne ya ishirini, na hayo nayo hupotea kipande kinapouzwa. Yapigwe picha sasa, pamoja na mti au ua uliokuwa mpaka.

Daftari likijaa, kila ukurasa uwe na tarehe, mahali, lugha iliyotumiwa na jina la msimulizi ikiwa ameridhia. Matoleo mawili ya kisa kimoja yaandikwe yote mawili, bila kuunganishwa. Nakala ya kwanza iliyopigwa chapa ipelekwe kwa aliyesimulia, asomewe kwa lugha yake, na apewe nafasi ya kufuta.