Simu inapoanguka, wazo ni la nani?

Je, msomaji, umewahi kupanda matatu ya alfajiri kutoka Kitale kwenda Bungoma? Mkishapita Kiminini na Kamukuywa, breki moja tu ya ghafla yatosha kuitupa simu yako sakafuni. Moyo hukupiga paa! Lakini wajua kwamba kifaa chaweza kutambua kinaanguka hata kabla hakijagusa chini?

Siri ni hii. Ndani ya simu mna kipimo kidogo cha mabadiliko ya kasi. Ikitulia mezani, kipimo husoma karibu mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, kwa sababu ya uvutano wa dunia. Ikianguka, husoma karibu sifuri. Kuanguka mita moja huchukua kama nusu sekunde, na muda huo watosha kifaa kujikinga. Mwaka 2003, kampuni ya IBM ilitumia maarifa ya aina hii kulinda diski za kompyuta zake za ThinkPad.

Sasa tuseme mwanao anayesoma Kitale ameunda mkanda wa kumvalisha nyanya yake kule Bungoma, ili ajuza huyo akianguka jamaa wapigiwe simu mara moja. Je, atapata hataza?

Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 yataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya ubunifu na uweze kutumika viwandani. Nadharia za sayansi na hesabu hazihesabiwi kuwa uvumbuzi. Uvutano wa dunia hauna mwenyewe! Na kwa kuwa mikanda ya namna hiyo ipo tayari, kijana lazima aonyeshe wake umetofautiana wapi na mingine.

Taasisi ya KIPI ikimkatalia, asikate tamaa. Aweza kukata rufaa mbele ya Baraza la Mali ya Viwanda, kisha Mahakama Kuu. Akishinda, hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi.

Lakini mzazi, tahadhari! Akishauonyesha mkanda huo hadharani, kwa mfano katika maonyesho ya sayansi, sheria ya Kenya humpa miezi 12 tu ya kuwasilisha ombi. Ulaya, kwa kawaida, hapewi hata siku moja.

Basi mnunulie daftari leo, aandike kila hatua na tarehe yake, na ombi litangulie maonyesho. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.