Kula Mombasa kwa Saa Yake

Mgeni akihamia Mombasa huuliza hoteli gani nzuri. Swali hilo lina majibu mengi, na karibu yote humtoa pesa bure, kwa kuwa chakula cha mji huu hakifuati hoteli. Kinafuata saa na siku. Mama anayeuza mbaazi Kuze alfajiri, saa tano hana tena biashara. Biriani inayogombewa Ijumaa inaweza kuwa kiporo Jumanne, katika hoteli hiyo hiyo, kwa bei ile ile. Kwa hiyo mimi huuliza hivi: hapa mnapika nini, na kinaiva saa ngapi?

Nilitoka Nakuru kuja kufanya kazi hapa, peke yangu, na miezi ya mwanzo nilikula nje karibu kila mlo. Bei nitakazotaja ni nilizozikuta upande wa kisiwani, pesa za Kenya. Ukivuka daraja la Nyali, ongeza.

Tuanze na chai. Sijui mji mwingine mkubwa Kenya ambapo asubuhi ni rahisi kama hapa. Kuanzia saa kumi na mbili, katika vichochoro vya Kuze, Kibokoni na Bondeni, akina mama hutoa meza mbele ya milango yao: beseni la mahamri lililofunikwa kitambaa, sufuria ya mbaazi za nazi, birika. Hamri moja shilingi 10, kibakuli cha mbaazi 50, chai ya maziwa 30. Mahamri manne yanamtosha mtu mzima, kwa hiyo unanyanyuka umelipa 120. Agiza vitu hivyo hivyo katika hoteli ya Barabara ya Digo, utalipa kati ya 200 na 250, na hamri lenyewe pengine ni la jana limepashwa moto. Ukikaa mkahawa wa kitalii karibu na Fort Jesus, 500 inakatika kabla hujaagiza yai. Pale unalipia kiti, feni na mandhari. Si vibaya, mradi ujue unanunua nini.

Hamri zuri ukilipasua lina uwazi ndani, na hiliki inakufikia puani kabla hujaonja. Likiwa limejaa unga kama mkate, mpikaji aliharakisha kuumua. Mbaazi nazo zisielee, tui lizishike. Ila ukifika saa tatu na nusu utasikia, "Mwanangu, mbaazi zishakwisha. Kesho wahi."

Kipimo changu kikubwa lakini ni chai. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali, chemchemi za Mzima na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na hayatoshi. Nyumba na hoteli nyingi hutegemea visima vya maji ya chumvi, au mitungi inayosukumwa kwa mkokoteni na kuuzwa mlangoni. Anayepika chai kwa maji ya kisima hawezi kukuficha, ulimi unajua papo hapo. Anayenunua maji matamu kwa ajili ya kikombe cha shilingi 30, huyo naweza kumwamini hata kwenye mafuta ya kukaangia. Siku ya kwanza mahali popote huagiza chai tu, nikaondoka. Wahudumu hunitazama kama mbahili. Sawa.

Mchana ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Chini kabisa kuna vibanda vya Mwembe Tayari na pembezoni mwa Marikiti: wali na maharagwe ya nazi 120, ukiongeza mchicha 150. Wateja ni wasukuma mikokoteni na wapakuzi wa mizigo, watu wanaohitaji kushiba kwelikweli na wasiorudi mahali palipowaumiza tumbo. Sahani hujazwa. Nyama hakuna, na huikosi.

Juu yake kuna pilau na biriani, na hapa wageni wengi hulinganisha vibaya. Wanaangalia kilima cha wali. Biriani ya Mombasa huja vitu viwili: wali uliotiwa zafarani (au rangi tu, tuseme ukweli) na masala yake, yaliyopikwa kando kwa vitunguu vya kukaanga, nyanya na maziwa lala. Wali ndio sehemu rahisi. Gharama ya mpishi iko kwenye masala, na masala ndiyo hupunguzwa bei ya vitunguu inapopanda. Nimelipa 350 kwa biriani ya kuku mahali pawili palipotengana kwa hatua chache tu, Mji wa Kale. Pa kwanza masala yalifunika paja lote. Pa pili yalikuwa vijiko vitatu vya rojo jekundu juu ya wali mtupu. Bei ilikuwa moja, lakini thamani haikukaribiana.

Ijumaa hubadili mambo. Nyumba nyingi za Waislamu hupika au hununua biriani au pilau siku hiyo, hoteli hupika masufuria makubwa, na baada ya swala watu humiminika. Kufikia saa nane na nusu yamebaki makoko. Chakula kinachoisha siku ile ile hakina nafasi ya kuchacha, wala mpishi hathubutu kukosea siku ambayo mtaa mzima unaonja. Biriani ya mbuzi ya 450 siku ya Ijumaa naihesabu kuwa rahisi. Siku nyingine naagiza pilau ya ng'ombe, 200 hadi 250, kwa sababu nyama yake imeivia ndani ya mchele na haiwezi kuletwa kutoka sufuria ya juzi. Na uliza kama wanauza nusu. Hoteli nyingi za zamani zinauza, ingawa haikuandikwa ukutani, na nusu ya pilau ni chakula kamili kwa mtu anayekaa ofisini.

Samaki ndiye anayekula mshahara wa mgeni. Tunakuja pwani tukidhani samaki ni bei ya maji. Kibandani, samaki aina ya changu wa kukaanga, sima na mchicha ni kama 250 hadi 300, na hayo ni malipo ya haki. Samaki wa kupaka kwenye hoteli ya meza na vitambaa, yule wa kuchomwa kwa makaa kisha akapakwa tui zito lenye ukwaju, tangawizi na pilipili, ni kuanzia 900 hadi 1,300. Menyu nyingine huandika tu "kwa ukubwa". Hapo mwambie mhudumu alete samaki umwone na ataje bei kabla hajapelekwa jikoni. Baada ya moto hakuna mazungumzo.

Angalia pia upepo. Kusi inapovuma, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, ngalawa na mashua ndogo hazitoki kila siku, na samaki wabichi huadimika. Hoteli haziondoi samaki kwenye menyu. Zinamtoa kwenye friza. Wa kukaanga utamgundua, nyama yake hukatika kama pamba. Wa kupaka hujificha chini ya tui. Miezi hiyo sitoi 1,000 kwa kupaka. Kaskazi ikirudi, kuanzia Novemba, nakubali.

Jioni mkoba unapumua. Viazi karai na ukwaju, mishkaki ya shilingi 40 kijiti, mihogo ya kuchoma ya Barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, yenye ndimu na pilipili ya unga: kwa 200 mtu ameshiba na ameona meli zikiingia Kilindini. Mihogo ya Mama Ngina nadhani inasifiwa kuliko inavyostahili. Kinachosifiwa ni upepo. Viazi karai vinavyouzwa vichochoroni Majengo ni vitamu zaidi na vya nusu bei.

Kuhusu hoteli za Nyali na Bamburi nitasema kwa ufupi. Chakula cha 300 mjini, huko ni 700, na tuktuk kwenda na kurudi yaweza kukugharimu sahani nyingine. Lakini wana mambo ambayo vichochoro havina: vyoo safi, mahali pa watoto kukimbia, menyu yenye bei zilizoandikwa. Familia ya watu watano yenye mtoto mchanga haiwezi kukaa kwenye benchi la Kuze. Nisingeibeza hesabu yao.

Ramadhani ratiba yote hupinduka. Hoteli nyingi za Mji wa Kale hufunga mchana, na asiyefunga ataelekea zilizobaki wazi katikati ya mji au Nyali, kwa bei ya huko. Ila kuanzia alasiri meza hujaa barabarani kuliko wakati wowote wa mwaka: sambusa, katlesi, kaimati, mikate ya sinia, vibibi, tambi, uji. Kila mwenye jikoni anauza, ushindani ni mkali na bei hutulia. Beba chombo chako. Kwa anayeishi peke yake, huo ndio mwezi wa kula vitu vya aina nyingi kwa pesa kidogo, Mwislamu au si Mwislamu, bora usile njiani kabla ya adhana ya magharibi.

Sasa nina jiko langu, na nimelinganisha. Mbaazi sipiki. Nazi moja peke yake ni shilingi 50, sawa na kibakuli kizima cha mama wa Kuze, na bado hujahesabu gesi ya kuchemshia mbaazi kavu mpaka zilainike. Mahamri ya mtu mmoja ni kazi ya bure. Biriani ndiyo kabisa. Wali wa maharagwe nyumbani na kibandani hutoka karibu sawa, kwa hiyo huamua kwa uvivu wa siku. Samaki ndiye pekee anayenirudisha jikoni: kilo ya changu soko la samaki la bandari ya zamani hupatikana kwa 500 au 600 kaskazi ikiwa imetulia, inatoa milo mitatu, na muuzaji anakuparia magamba na kutoa matumbo pale pale ukimpa 20.