Rasi Iliyoinamia Magharibi

Mvuvi wa Unguja, ambaye huijua bamvua kwa kuutazama mwezi, ajua pia kwamba siku hizo baina ya maji yaliyojaa na maji yaliyokupwa hupatikana kimo cha karibu meta 4, na kwa kipimo hicho hupanga safari zake. Lau angesimama katika bandari ya Incheon, upwa wa magharibi wa Rasi ya Korea, angeiona bahari ikipanda na kushuka yapata meta 9, hata mahali vilipoelea vyombo asubuhi pakawa uwanda wa tope mchana. Kisha akiivuka nchi hiyo hadi upwa wa mashariki, safari isiyomaliza siku moja, angeikuta bahari ambayo kujaa kwake na kupwa kwake hakuzidi sana shubiri moja na nusu.

Ajabu hiyo haieleweki mpaka kwanza tuitazame milima. Takriban sehemu 7 katika 10 za rasi hii ni milima, lakini haikugawanywa sawasawa, kwani silsila ya Taebaek imeuandama upwa wa mashariki kwa kilometa 500 hivi, na vilele vyake vimekaribia maji mno. Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, ardhi ambayo leo ni Japani ilibanduka kutoka bara la Asia, bahari ikafunguka katikati, na ukingo wa rasi uliobaki nyuma ukainuka kama upande mmoja wa jamvi lililonyanyuliwa. Tangu hapo nchi nzima imeinama. Mito ya mashariki ni mifupi na ya kasi, ilhali Han na Geum huteremka polepole kwenda magharibi, na Nakdong kwenda kusini, nayo hubeba udongo na kuumwaga katika bahari za kina kifupi. Bahari ya Manjano, iliyo magharibi, wastani wa kina chake ni meta 44 tu, na zama za barafu zilipofikia upeo, yapata miaka 20,000 iliyopita, ilikuwa nchi kavu. Wimbi la maji kujaa likiingia humo kutoka kusini hubanwa na sakafu na kingo, likavimba. Ama bahari ya mashariki, yenye vilindi vinavyopita meta 3,000, milango yake ni myembamba, na maji ya kuijaza hayawahi kupita kabla mwezi haujayaita tena yatoke.

Hata tabia ya nchi imefuata mwinamo huo. Korea ina musimu kama sisi tulivyo na kaskazi na kusi, na sababu ni ile ile, kwamba bara hupata joto na kupoa upesi kuliko bahari. Wakati wa baridi upepo mkavu huvuma kutoka Siberia, na wastani wa Januari mjini Seoul hushuka kiasi cha digrii 2 chini ya sifuri. Lakini Gangneung, mji wa mashariki ulio karibu katika latitudo ile ile, hubaki juu kidogo ya sifuri, kwa kuwa milima huuzuia upepo huo na bahari yenye kina huhifadhi joto lake. Mwisho wa majira ya kuchipua hali hugeuka: upepo wa mashariki, uitwao nopsae, huipanda milima, huacha unyevu wake huko juu, na ukishukia magharibi huwa mkavu wenye joto, ukiyanyausha mashamba mpaka mvua za changma zifike mwishoni mwa Juni.

Ila mimi, katika nchi hiyo yote, hupendezwa zaidi na tope. Huko Beolgyo, upwa wa kusini, maji yakisha kupwa, wanawake huingia katika tope lisilokanyagika. Kila mmoja hupiga goti moja juu ya ubao mrefu mwembamba, beseni likiwa mbele yake, na kwa mguu wa pili husukuma nyuma, akateleza kama mtumbwi huku akichokoa kombe. Matope ya namna hiyo ndiyo kituo cha ndege wenye midomo mirefu watokao Australia na New Zealand kwenda kutaga Alaska, ambao hutua wamekonda, wakala hata wakapata nguvu ya kumaliza safari. Huko Saemangeum, ambako ukuta wa kilometa 33.9 uliifungia nje bahari mwaka 2006, makundi makubwa yaliyokuwa yakitua hayakuonekana tena, na ndege wa aina hizo wakapungua hata huko Australia. Nahuzunika kila niufikiriapo ukuta ule. Mwaka 2021 UNESCO iliyaandika matope ya sehemu nne za Korea katika Urithi wa Dunia, na matope ya Beolgyo, wanakoteleza wanawake wale kwa mbao, yamo katika mojawapo.